Patricia Highsmith: Aliwapa wapenzi mwisho mwema, akaficha jina lake miaka 38

KAMA umewahi kutazama filamu za zamani za mapenzi kati ya wanawake wawili, lazima uligundua jambo moja. Wanapendana, wanajificha, wanafumaniwa, halafu mmoja anakufa. Asipokufa, anarukwa na akili. Asiporukwa na akili, anarudi mbio kwa mwanamume aliyemwacha mwanzoni mwa hadithi, na watazamaji wanaenda nyumbani wakijua kwamba dunia imerudi sawa.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, vitabuni na kwenye sinema. Mmoja wa watu walioivunja mapema ni mwanamke ambaye hukumtarajia kabisa: Mmarekani aliyepata umaarufu kwa hadithi za wauaji.

Anaitwa Patricia Highsmith. Alifariki 1995, kabla ya wengi wenu kuzaliwa. Lakini kama uliwahi kukesha ukitazama Ripley kwenye Netflix, yule tapeli mpole anayeua na kuvaa maisha ya mwenzake kama koti, basi umeshakutana na akili yake. Ripley ni wake. Kisa cha watu wawili wanaokutana kwenye treni na kubadilishana mauaji pia ni chake.

Hadithi ya mapenzi aliyoiandika ilikuwa yake vilevile. Ila hiyo hakutaka mtu ajue.

MTOTO ALIYEAMBIWA UKWELI MCHUNGU

Patricia alizaliwa Januari 19, 1921 mjini Fort Worth, jimbo la Texas. Wazazi wake walikuwa wametalikiana siku chache tu kabla hajatua duniani. Mama yake, Mary, alikuwa mchoraji, mrembo, mchangamfu na mwenye ulimi usiojua breki. Ni yeye aliyemwambia bintiye, tena kama mzaha, kwamba alipokuwa na mimba yake alikunywa tapentaini ili itoke.

Hebu fikiria kukua ukijua hilo.

Miaka ya kwanza alilelewa na nyanya yake, ambaye ndiye aliyemfunza kusoma. Alipofika miaka sita, mama na baba wa kambo, Stanley Highsmith, walimhamishia New York. Alipokuwa na miaka 12 alirudishwa Texas kwa nyanya na kuachwa huko mwaka mzima. Jambo hilo hakulisahau hadi uzeeni. Kati yake na mama yake palikuwa na upendo uliochanganyika na sumu, na walikwaruzana maisha yao yote.

Alijua mapema kwamba moyo wake unavutwa na wasichana. Alijua pia kwamba hayo si mambo ya kusema mezani. Akawa mtu wa kuandika. Alianza kuweka shajara na madaftari ambayo aliendelea nayo hadi uzee, na alipokufa yalikutwa yamefichwa kwenye kabati la mashuka, takriban kurasa 8,000.

Alisomea chuo cha wanawake cha Barnard, New York, akahitimu 1942. Kazi ya kwanza ya maana aliyoipata haikuwa ya kujivunia mbele ya marafiki wasomi: kutunga hadithi za vitabu vya katuni, zile za mashujaa wanaoruka na kupigana. Aliifanya kwa miaka kadhaa kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Baadaye hakupenda kabisa kuizungumzia.

TIBA ILIYOLETA UGONJWA

Mwaka 1948 ulikuwa wa mambo mengi. Kwa kupigiwa debe na mwandishi Truman Capote, alipata nafasi Yaddo, makao ya wasanii yaliyo Saratoga Springs, jimbo la New York, na huko akasukuma mbele riwaya yake ya kwanza, Strangers on a Train. Huko huko alikutana na mwandishi mwanamume aliyetaka kumwoa.

Patricia naye alitaka kutaka. Jamaa alikuwa mtu mzuri, na ndoa ingemaliza maswali yote ya mama na ya dunia. Tatizo ni kwamba mwili na moyo vilikataa. Basi akaenda kwa mtaalamu wa nafsi ili atibiwe.

Usimcheke. Siku hizo madaktari wa Marekani waliyaorodhesha mapenzi ya jinsia moja kama ugonjwa, na hawakuyaondoa kwenye orodha hiyo hadi 1973. Msichana mwenye akili timamu angeweza kuamini kabisa kwamba ana maradhi yenye dawa.

Lakini dawa hiyo ilikuwa ghali. Ili kulipia vikao, Patricia alitafuta kibarua cha msimu wa Krismasi katika duka kubwa la Bloomingdale's, New York. Akawekwa kwenye sehemu ya kuuzia wanasesere.

Siku moja ya Desemba 1948, katikati ya fujo za wazazi na watoto, aliingia mwanamke mwenye nywele za dhahabu, amevaa koti la manyoya. Alikuja kumnunulia bintiye mwanasesere. Akatoa jina na anwani ili apelekewe mzigo, akalipa, akaondoka. Hayo yote hayakuchukua zaidi ya dakika chache.

Patricia alibaki pale akihisi kichwa chepesi, kama mtu anayetaka kuzirai. Jioni alirudi nyumbani, akafungua daftari, na kwa muda wa kama saa mbili akaandika muhtasari wa riwaya nzima, mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake homa ikampanda. Kumbe alikuwa ameambukizwa tetekuwanga, pengine na mmoja wa watoto waliokuwa wakigusagusa wanasesere.

Kibarua alichokichukua ili atibiwe mapenzi ndicho kilichompa hadithi ya mapenzi ya maisha yake. Vikao vya mtaalamu aliviacha miezi michache baadaye. Ndoa nayo haikufika popote.

Mwanamke yule hakuzungumza naye tena. Patricia, kwa sababu anwani alikuwa nayo, alipanda gari la abiria zaidi ya mara moja hadi New Jersey ili aone tu nyumba anamoishi, akageuka, akarudi. Mama huyo alifariki 1951, kabla kitabu hakijachapishwa. Hakuwahi kujua kwamba dakika zake chache za kununua mwanasesere zimezaa kitabu.

THERESE NA CAROL

Riwaya hiyo inaitwa The Price of Salt. Therese ana miaka 19, anatamani kuwa mbunifu wa majukwaa ya tamthilia, lakini kwa sasa anauza wanasesere dukani. Ana mpenzi wa kiume anayemtaka kuliko yeye anavyomtaka. Carol ni mke wa mtu, tajiri, yuko katikati ya talaka, ana binti mdogo. Wanakutana kaunta. Carol anasahau glavu zake kwenye filamu. Kitabuni, Therese anamtumia kadi ya Krismasi. Mengine yanafuata.

Wawili hao wanaingia kwenye gari na kuelekea magharibi mwa Marekani, hoteli baada ya hoteli. Wasichojua ni kwamba mume amekodi mpelelezi, na mpelelezi huyo anawarekodi vyumbani ili mahakama isikie. Carol anawekwa njia panda: aahidi kutomwona Therese tena, au ampoteze mtoto.

Si jambo alilolitoa hewani tu. Mwanamke mmoja aliyewahi kuwa mpenzi wa Patricia, wa familia tajiri, alipokonywa malezi ya mtoto wake baada ya kurekodiwa kwa siri hivyo hivyo. Patricia alijua bei ya penzi hilo mahakamani. Alimwona mtu akiilipa.

Ndiyo maana mwisho wa kitabu ulishtua. Carol anapoteza mengi, na kitabu hakidanganyi kwamba hakuumia. Lakini hafi, na Therese hafi. Hakuna anayejuta wala anayeponywa. Katika ukurasa wa mwisho Therese anaingia kwenye mkahawa, anamwona Carol mezani, anaanza kumwendea. Carol anainua mkono kumpungia. Basi. Kimeisha.

JINA BANDIA

Kampuni ya Harper, iliyokuwa imechapisha Strangers on a Train mwaka 1950, iliukataa mswada huu. Kwa wakati huo Patricia alikuwa ndiyo anapanda. Alfred Hitchcock mwenyewe alikuwa amenunua haki za riwaya yake ya kwanza na filamu ikatoka 1951. Alishabandikwa jina la mwandishi wa hadithi za kusisimua. Akaogopa kwamba kitabu hiki kingembandika jina jingine, lile ambalo halibanduki.

Kampuni nyingine ilikichapisha 1952, lakini jaladani hapakuwa na Patricia Highsmith. Palikuwa na Claire Morgan, mwanamke asiyekuwepo.

Alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri iliyofungua mlango wa kuwafuta kazi za serikali watu waliodhaniwa kuwa na mapenzi ya aina hiyo. Watu walipoteza ajira, nyumba na familia kwa uvumi tu.

Mwaka huo huo wa 1953, toleo la bei nafuu, lile la jalada jepesi lililouzwa hata kwenye vituo vya magari, liliingia sokoni na kuuzwa kama njugu. Inakadiriwa kwamba nakala karibu milioni moja zilinunuliwa.

Kisha barua zikaanza kuja. Zilitumwa kwa Claire Morgan kupitia kwa mchapishaji, mafurushi kwa mafurushi, kwa miezi na miezi. Wanawake waliandika, na wanaume pia. Wengi walishukuru kwa jambo lile lile moja: kwamba kwa mara ya kwanza walisoma kuhusu watu kama wao na mwishoni hakuna aliyejitoa uhai. Wengine waliishi miji midogo na waliuliza wafanye nini, waende wapi. Patricia alijibu nyingi alizoweza, kwa jina la mwanamke asiyekuwepo.

KWA NINI LAZIMA AFE?

Ili uelewe uzito wa mwisho ule, linganisha na mwenzake. Mwaka huo huo wa 1952, mwandishi mwingine wa Marekani, Marijane Meaker, alitoa riwaya ya Spring Fire kuhusu wasichana wawili wa chuo. Naye alitumia jina bandia, Vin Packer. Lakini mhariri wake alimwambia wazi kwamba mapenzi hayo hayawezi kuisha vizuri. Vitabu vilisafirishwa kwa posta, na posta ingeweza kuvizuia ikiona vinasifu tabia hiyo. Kwa hiyo mmoja wa wasichana wake akaishia kurukwa na akili, na mwingine akagundua kwamba hakuwahi kumpenda. Kitabu kiliuzwa zaidi ya nakala milioni moja hata hivyo.

Miaka kadhaa baadaye Marijane na Patricia walikutana New York, wakapendana, wakaishi pamoja kwa muda. Wanawake wawili, vitabu viwili vya mwaka mmoja, miisho miwili. Penzi lao lenyewe halikudumu.

Kwenye sinema mambo yalikuwa magumu zaidi. Tangu 1934 Hollywood ilikuwa chini ya kanuni kali za maadili ambazo hazikuruhusu mapenzi ya jinsia moja hata kutajwa. Tamthilia ya The Children's Hour, kuhusu walimu wawili wanawake wanaosingiziwa kuwa wapenzi, ilipofanywa filamu 1936 ilibadilishwa hadi ikawa kisa cha wanawake wawili na mwanamume mmoja. Kanuni zilipolegezwa kidogo 1961, ilifanywa tena, sasa kwa uaminifu zaidi, na Audrey Hepburn na Shirley MacLaine. Mwishoni mmoja wa walimu anajinyonga.

Yaani ruhusa ya kusimulia ilikuwepo, mradi ulipe kwa maiti.

KONOKONO MKOBANI

Hapa ingependeza kusema kwamba Patricia aliishi kama wahusika wake wa ukurasa wa mwisho. Hapana.

Riwaya ya The Talented Mr. Ripley ilitoka 1955 na kumpa jina duniani. Mwaka 1963 alihamia Ulaya, na miaka hiyo alimfuata Uingereza mwanamke aliyempenda kuliko wote. Mwanamke huyo alikuwa ameolewa. Walijaribu miaka kadhaa, wikendi hii na likizo ile, mpaka likavunjika. Baada ya hapo Patricia akahamia Ufaransa, kisha Uswisi, kila nyumba ikiwa na ukimya kuliko ile ya kabla.

Alipenda paka. Alipenda konokono hata zaidi, akawafuga mamia, na aliwahi kwenda kwenye karamu akiwa nao ndani ya mkoba pamoja na majani ya letasi, ili awe na wa kuzungumza nao. Alikunywa pombe kupita kiasi. Wapenzi walikuja na kuondoka, na mara nyingi yeye ndiye aliyewafukuza.

Kuna jambo baya zaidi, na si haki kulificha. Patricia aliwachukia Wayahudi na kuwadharau watu weusi, na aliyasema na kuyaandika hayo waziwazi, hasa uzeeni. Marafiki waliinuka mezani na kuondoka. Mtu aliyejua vizuri kabisa maana ya kuhukumiwa kwa jinsi ulivyozaliwa aliwafanyia wengine hivyo hivyo. Kitabu kile kizuri hakifuti hilo, na hilo halifuti kitabu.

Kuhusu Claire Morgan, aliendelea kunyamaza. Katika duru za wasomaji wa vitabu hivyo, siri ilikuwa imeanza kuvuja. Miaka ya 1980 shirika dogo la wachapishaji wanawake Marekani liliomba kukitoa upya, likaahidi malipo makubwa zaidi kama angeweka jina lake halisi. Alichagua pesa kidogo na jina bandia.

Ni 1990, akiwa na miaka 69, ndipo alipokubali. Kitabu kilitolewa Uingereza kwa jina jipya, Carol, na chini yake jina la Patricia Highsmith. Ilikuwa imepita miaka 38. Mabinti waliokisoma kwa kificho 1952 walikuwa sasa nyanya.

Miaka mitano baadaye, Februari 4, 1995, aliaga dunia katika hospitali ya Locarno, Uswisi, akiwa na umri wa miaka 74. Mali yake, takriban dola milioni tatu, aliiachia Yaddo, mahali pale alipopewa meza ya kuandikia alipokuwa hana kitu.

KUTOKA CANNES HADI NAIROBI

Filamu ya Carol haikuja haraka. Phyllis Nagy, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa rafiki wa Patricia, aliuandika mswada wake wa kwanza miaka ya 1990, lakini ulizunguka zaidi ya miaka kumi ukitafuta pesa. Hatimaye mwelekezi Todd Haynes aliifanya, Cate Blanchett akiwa Carol na Rooney Mara akiwa Therese. Ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, Mei 2015, ambapo Mara aliondoka na tuzo ya mwigizaji bora wa kike, akigawana na mwenzake. Iliteuliwa kuwania tuzo sita za Oscar. Mwisho wa kitabu haukuguswa.

Miaka mitatu baadaye, Mei 2018, filamu nyingine ya wasichana wawili ilifika Cannes. Hii unaijua. Rafiki, ya Wanuri Kahiu, ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha hilo. Ilitokana na hadithi fupi ya Jambula Tree ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili mahasimu, wanapendana mtaani Nairobi.

Bodi ya Filamu nchini ilikuwa tayari imeipiga marufuku mwezi Aprili. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini mno na haukuonyesha majuto. Alikataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliondoa marufuku kwa siku saba ili filamu iweze kuwania nafasi ya kwenda Oscar, na kumbi za Nairobi zikajaa pomoni. Siku saba zilipoisha, marufuku ikarudi.

Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu filamu hiyo, na Wakenya wengi wanayo, ya kila rangi. Lakini angalia ugomvi ulikuwa wapi. Haikuwa tu kwamba wasichana wawili wanapendana. Hoja ilikuwa kwamba mwishoni hawajaadhibiwa vya kutosha. Ni ule ule mjadala wa mhariri wa Spring Fire, miaka 66 baadaye, katika nchi nyingine.

Tofauti ni moja. Kahiu aliweka jina lake kwenye filamu tangu siku ya kwanza, akaenda nalo hadi mahakamani. Patricia, mwanamke aliyeweza kuandika kuhusu muuaji bila kupepesa jicho, aliogopa miaka 38 kuweka jina lake kwenye kitabu ambamo hakuna anayekufa.

Kitabu chake kinaisha na mkono wa Carol ukiwa umeinuliwa, ukimpungia mtu anayekuja. Rafiki inaisha na mkono pia. Kena amesimama peke yake kilimani, anasikia jina lake likiitwa, na mkono unatua begani mwake.